Nani Atakaa na Armelle Garini

Thornton Heath, London
19 Januari 2025

Bwana wangu mdogo Nathanaël,

Ni mimi Koko wako, bibi yako Generosa. Anayeshika kalamu ni Mama Nishma wa dukani, mzaliwa wa Mwanza, yule aliyekuwa anakupa peremende ukitoka shule. Mimi nasema, yeye anaandika. Kiswahili changu cha Uvira anakinyoosha anapoona kimepinda, kwa hiyo ukikuta maneno mazuri sana ujue ni ya kwake.

Sisi ni wazima. Magoti yananiuma lakini bado yananibeba. Dada yako Armelle bado anafanya ile kazi ya kuogesha wazee majumbani mwao, anarudi amechoka, anakula amesimama kama farasi. Kanisani wamepaka kuta rangi mpya, ni mbaya. Sombe ya kugandishwa, kisamvu kwa Nishma, tunayonunua siku hizi ina mchanga. Nishma anacheka, anasema haiuzwi kwake.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwa simu unaniambia uko sawa, halafu unakata. Kwa simu mtu anadanganya upesi. Karatasi itakuchelewesha kidogo.

Sasa jambo lenyewe. Armelle anaolewa. Ni yule Magloire wa Ilford, mwenye masikio makubwa, mwana wa watu wema. Walikuja na wazee wao, tumekubaliana, tumekula. Harusi ni tarehe mbili ya mwezi wa nane.

Unajua desturi yetu. Bibi harusi hatoki nyumbani peke yake. Baba anakaa naye nyuma ya motokari, na kama baba hayupo ni kaka. Wakifika kanisani yeye ndiye anayeshika mlango wa motokari, hafungui mpaka upande wa mume wambembeleze na kitu mkononi. Asiye na wa kumshikia mlango ni kama mtu aliyeokotwa njiani.

Kaka ni wewe. Sina mwingine wa kuweka pale.

Jibu, na usijibu kwa mistari miwili.

Koko

---

Aberdeen
23 Februari 2025

Koko mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Samahani kwa kuchelewa. Mama Nishma naye namsalimu, na mumewe mzee Hitesh.

Mimi niko sawa. Huku baridi ni kali, bahari iko karibu lakini siendi. Kazi ni ile ile, kiwanda cha samaki: tunakata, tunapanga kwenye barafu, tunaosha sakafu. Harufu haitoki hata nikioga mara mbili. Nimepanga chumba karibu, natembea kwenda na kurudi. Kuna mwenzangu mmoja wa Pemba, anaitwa Hamad, anatuchekesha sana. Wengine wanacheka. Mimi naona tu kwamba kimesemwa kitu cha kuchekesha.

Mwambie Armelle hongera. Magloire ni mtu mzuri.

Nitakuja. Nitapanda treni mpaka London, na kutoka stesheni nitakwenda kanisani kwa miguu, niwangoje pale mlangoni. Kuhusu kukaa naye kwenye gari, naona Dieumerci wa kwaya angefaa. Yeye amemjua Armelle tangu utoto.

Ni hayo tu, Koko.

Mjukuu wako,
Nathanaël

---

Thornton Heath
9 Machi 2025

Bwana wangu,

Nilipokea. Nishma alinisomea kabla hajafungua duka. Tunakusalimu wote. Juzi bomba la jikoni lilipasuka, fundi akaja, akalitazama, akaenda zake. Sasa tunaosha vyombo bafuni. Armelle ameshonewa gauni, linambana tumboni, nimemwambia aache mkate.

Dieumerci ndiye dereva wa siku hiyo. Ashike usukani au ashike mlango? Na hata angekuwa na mikono minne, yeye si wa nyumba yetu. Watu wa Ilford watauliza, hivi huyu binti hana kwao? Nijibu nini, kwamba kaka yupo lakini ametangulia kwa miguu kama mtu wa kupeleka taarifa?

Sikiliza. Usifikiri mimi ni mjinga kwa sababu sikuingia darasani. Najua hupandi motokari. Najua uliondoka London kwa sababu kazi yako hapa ilikuwa kuendesha gari la mizigo, ukaona mji wote ni barabara. Kuna akina mama kanisani wanasema umefungwa, uletwe uombewe na wazee saba. Niliwaambia waombee kwanza rangi ya ukuta.

Niambie inakuja vipi. Nieleze kama unavyomweleza daktari, sehemu ya mwili moja baada ya nyingine. Usinitajie kuwa sawa tena. Neno hilo nimelichoka.

Umekula leo? Sema ukweli.

Koko

---

Aberdeen
27 Aprili 2025

Koko,

Shikamoo. Nimekula, wali na samaki. Samaki tunapewa. Natumaini bomba limetengenezwa. Huku siku zimeanza kuwa ndefu, mtu anatoka kazini na bado ni mchana, hajui la kufanya nao.

Nilikaa na barua yako muda mrefu. Basi nieleze.

Inaanza miguuni. Mguu wa kulia unakanyaga breki, hata kama mimi si dereva, hata kama mbele yangu hakuna breki, ni zulia tu. Halafu vidole vinakufa ganzi. Halafu pumzi inakuwa fupi, kama mtu anayekunywa maji kwa kifuniko cha chupa. Moyo unakimbia, na mimi nina hakika kwamba ninakufa, si mfano wa maneno, nina hakika kabisa. Nikishuka inapungua. Baada ya hapo sisikii kitu. Si hofu wala huzuni. Naweza kukaa saa nzima natazama ukuta na nisijue nilikuwa nawaza nini.

Kuna nesi hapa kliniki. Anasema mwili wangu umejifunza kitu na unaweza kujifunza kingine. Amenishauri nianze kwa kukaa ndani ya gari lililosimama, limezimwa, mlango wazi. Kisha mlango ukiwa umefungwa. Kisha injini. Polepole. Hamad amekubali nitumie gari lake. Bado sijaanza.

Mama Nishma, hapa naomba usimsomee Koko.

Ni hivi. Mimi ndiye niliyeshika usukani siku ile. Polisi walisema ni lori lililoteleza kwenye mvua, si kosa langu, na najua si kosa langu. Hilo halibadilishi kitu. Koko alipoteza mtoto wake, aliyekuwa amekaa pembeni yangu. Baada ya mazishi alinipakulia chakula kila siku, akanijazia sahani, na mimi nikikaa mbele yake nilikuwa nasikia kijiko tu kikigonga sahani. Nilikuwa nangoja aniambie neno. Hakuniambia. Siku ya matanga watu wote walilia, mimi nilikuwa napanga viti. Mpaka leo nahisi napanga viti. Nitawezaje kukaa kwenye kiti cha mtu yule, nyuma ya gari, na Armelle amevaa nyeupe?

Asante, Mama Nishma. Endelea kumsomea kuanzia hapa.

Koko, wasalimie wote. Nguo ya Armelle isimbane sana, azidishiwe kitambaa.

Nathanaël

---

Thornton Heath
11 Mei 2025

Nathanaël,

Leo salamu nazifanya fupi. Wazima sote, bomba bado.

Sijui kusoma lakini najua kutazama. Karatasi yako ilikuwa imejaa pande zote mbili, na sauti ya Nishma ilikuwa ya upande mmoja na nusu. Nikamwambia, mama, rudi pale ulipomeza mate. Alikataa. Nikakaa kwenye kreti ya soda katikati ya duka lake, wateja wakawa wananiruka. Alipoona nimevua viatu akasoma yote. Usimkasirikie.

Nimesikia. Sitajibu kwa karatasi. Kuna maneno nikimpa Nishma aandike yatapita kwanza kwenye mkono wa mtu mwingine, na mimi sitaki. Lakini jua kwamba nimesikia, na kwamba niliposomewa sikuanguka. Nilirudi nyumbani nikapika.

Jambo la sahani nalijibu. Nilikuwa sina neno. Mtu asiye na neno anapakua chakula. Ulitaka nifanye nini, nikukumbatie huku sina mikono? Nilikuwa na mikono ya kushika mwiko tu. Ulikonda mbele ya macho yangu na mimi nikawa najaza sahani, ndiyo hotuba yangu yote hiyo.

Sasa huyo nesi wako. Kukaa kwenye motokari isiyokwenda ni dawa au ni kungojea abiria? Lakini amesoma, mimi sikusoma. Fanya. Anza leo, usianze kesho. Umeshaacha kuwa mtoto, unaota ndevu, na mimi sitaishi milele nikikuita bwana.

Koko

Nathanaël, hapa naandika mimi mwenyewe, Nishma. Bibi yako amekwenda nyuma kuchagua vitunguu, kwa hiyo kwa haraka. Anakukaripia, lakini yeye pia haingii kwenye gari tangu ajali ile. Dieumerci anapita kila Jumapili kumchukua ampeleke kanisani, anapiga honi, na yeye anamwambia tangulia, kisha anakwenda kusimama kituoni na fimbo yake. Basi anapanda, anasema basi ni nyumba yenye magurudumu. Gari dogo hapana. Siku ya baridi kali Hitesh alimfungulia mlango wa mbele, bibi yako akaushika, akasimama hivyo na uso ukambadilika, kisha akasema amesahau kitu ndani. Harusini amepanga kwenda kwa basi, na Armelle hajaambiwa. Usiseme nimekuambia. Anarudi.

---

Aberdeen
15 Juni 2025

Koko mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, Armelle, Mama Nishma na mzee Hitesh. Hamad naye anakusalimu, anataka kujua kama una binti mwingine wa kuolewa. Nimemwambia umebaki wewe. Anasema atafikiri.

Nimeanza. Tunakwenda nyuma ya kiwanda Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ninakaa kiti cha nyuma, Hamad anakaa nje kwenye ukuta anavuta sigara. Siku ya kwanza nilitoka kabla hajamaliza sigara. Sasa anamaliza. Mlango tumeshaufunga. Injini bado. Sijisikii jasiri. Sijisikii vyovyote, ila najua nimekaa.

Koko, nina ombi. Nesi anasema inasaidia kama kuna mtu mwingine anayekaa pamoja nami. Hamad hawezi, akiingia anaanza hadithi. Nimefikiri hivi: mzee Hitesh gari lake linalala nyuma ya duka. Jumapili ukitoka kanisani, wewe ukae ndani yake, limezimwa, saa ileile ninayokaa mimi. Hutafanya kitu. Ukae tu. Nikijua upo ndani ya gari huko, nitabaki kwenye hili la huku.

Kama hutaki si neno.

Nathanaël

---

Thornton Heath
6 Julai 2025

Wewe mtoto,

Nishma alipomaliza kusoma nilimtazama, akajifanya anahesabu mayai. Hakuna anayemwomba mwanamke mzee akakae kwenye motokari ya mtu bila sababu. Basi mmeshasemana. Sina cha kuongeza juu ya hilo, na wewe usiniulize.

Nimekaa. Motokari ya Hitesh inanuka vitunguu na uvumba. Jumapili ya kwanza niliacha mlango wazi na mguu mmoja nje, na watu waliopita walidhani nimeibiwa viatu. Jumapili ya pili niliingiza mguu. Nilikula karanga, nikatupa maganda chini, Hitesh akayafagia, ni mtu mzuri. Nilitazama pale mbele, kiti cha pembeni ya dereva. Nilikitazama mpaka kikawa kiti.

Majuzi Hitesh aliwasha. Nilimwambia azime. Akazima. Nikamwambia awashe. Alifanya hivyo mara nyingi bila kulalamika, mpaka Nishma akatoka kuuliza kama betri imekufa. Mwisho tulizunguka nyuma ya maduka, tukarudi. Niliposhuka viganja vilikuwa vimelowa kama nimetoka kufua, na nilimtukana Hitesh kwa Kifuliiru kwa kuwa hakijui.

Hivyo ndivyo hali ilivyo kwangu. Wewe umefika wapi? Harusi ni mwezi ujao. Armelle haulizi tena kama utakaa naye. Anapiga pasi gauni ambalo halina mkunjo.

Hata ukija ukaogopa, njoo uogopee hapa.

Koko

---

Thornton Heath
17 Agosti 2025

Bwana wangu Nathanaël,

Nakusalimu tena, mwezi wote wa saba hukujibu, nikawa sijui kama nakungoja au nakusahau. Halafu usiku wa kuamkia harusi ukaonekana mlangoni na begi moja, unanuka samaki. Sawa. Bomba limetengenezwa hatimaye. Armelle na mumewe wako Ilford, jana walikuja na keki iliyobaki, imekauka, tumeila.

Ulipoondoka Jumapili uliniambia hukumbuki chochote cha pale kanisani. Na nje hukuona, ulikuwa unatazama magoti yako. Basi mimi niliyeona nakueleza, usije ukakutana na watu wa Ilford wakakusifu ukakosa la kujibu.

Asubuhi ya harusi ulisimama kando ya motokari umeshika mlango, suti nzuri, uso kama wa majivu. Armelle alikuwa ameshaingia upande wa pili na shela lake limejaa kiti kizima. Watu wakapiga vigelegele. Wewe hukuingia. Mimi nilikuwa na fimbo na mkoba, nakwenda zangu kituo cha basi. Nikakutazama. Sikukwenda tena. Nilifungua mlango wa mbele, nikakaa pembeni ya Dieumerci, pale pale, nikafunga mkanda mwenyewe. Nilikusikia nyuma yangu ukiingia.

Dieumerci aliendesha kama amebeba mayai. Mabasi yalitupita, hata mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alitupita. Armelle alikushika mkono njia nzima, alikuwa anakutazama mguu ukikanyaga zulia na kila ulipokanyaga yeye naye alikanyaga. Mimi nilitazama mbele. Sikufumba macho. Hilo ndilo nililoweza.

Tukafika. Watu wa mume wakaizunguka motokari wanaimba. Yule mjomba wa Magloire mwenye kofia akagonga kioo, akaomba kaka wa bibi harusi awafungulie. Ulishika kitasa. Hukufungua. Wakaimba tena, wakaleta kitenge wakakiweka juu ya motokari. Hukufungua. Wakaleta kreti ya soda. Mjomba akasema, ah, huyu kijana ni mgumu, huyu anajua thamani ya dada yake. Wakaleta kitenge cha pili na jogoo wa mchezo wa watoto, kwa kuwa wa kweli hawaruhusu hapa. Watu wakashangilia upande wetu, mpaka wale mama wanaosema umefungwa walikuwa wanapiga makofi na kukuhimiza ukaze hapo hapo. Mjomba akavua kofia yake, akaiweka juu ya vitenge. Akavua koti.

Walidhani unabishana. Mimi nilikuwa ndani, nikasikia pumzi yako. Ilikuwa ile ya kifuniko cha chupa.

Nikageuka. Nakuambia sasa nilichosema, kwa sababu nilikisema na mtu anapaswa kukijua. Nilisema:

"Nathanaël, Norbert amekufa. Mwanangu Norbert amekufa, na wewe hukufa, na mimi kila asubuhi nashukuru kwa hilo la pili. Motokari imesimama. Fungua mlango, watu wana njaa."

Jina hilo sikuwa nimelitaja tangu tulipomzika. Dieumerci aliinama kwenye usukani. Armelle akaanza kulia, poda yote ikaharibika. Wewe hukulia. Ulinitazama tu, kisha mkono wako ukavuta kitasa, ukashuka, ukamshika dada yako akashuka, na watu wakapiga kelele mpaka njiwa wakaruka juu ya paa.

Ilford yote sasa inasema haijawahi kumwona kaka mgumu kama wewe. Mjomba anataka kofia yake. Nimemwambia ni ya nyumba yetu.

Kula.

Koko Generosa

---

Aberdeen
21 Septemba 2025

Koko wangu,

Shikamoo. Nimepata barua, nimeisoma kazini wakati wa mapumziko na tena chumbani. Wasalimie Armelle na shemeji. Mama Nishma, hii yote msomee, hakuna pa kuruka. Huku kumeanza kupoa, na Hamad amerudi kutoka likizo na kashata, zimevunjika njiani, tumekula unga wake kwa kijiko.

Mjomba mrudishie kofia, Koko. Tafadhali.

Alhamisi mvua ilikuwa kubwa tulipotoka kiwandani. Hamad akasema ingia. Nikaingia. Nilikaa mbele. Tulipita taa ya kwanza. Kwenye ya pili nilimwomba anishushe, akanishusha, akaniachia mwavuli.

Nilitembea. Sijui ilianzia wapi. Nilikuwa nawaza jinsi mtakavyonicheka kwa mwavuli ule, una maua, na nikasikia sauti mbaya sana, nikadhani ni mbwa, kumbe ni mimi. Nilikaa kwenye kituo cha basi, nikashindwa kuizuia. Mabasi yalisimama, nikawa nayapungia mkono yaende.

Akaja mama mmoja wa Kizungu na mfuko wa mboga. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia baba yangu amekufa.

Akakaa karibu nami. Akaniuliza ni lini.

Nikamwambia leo.

Mjukuu wako,
Nathanaël